Kura Tatu Nilizojipa Mwenyewe

Hili nalisema leo kwa kuwa wengi walioliona wameshatangulia mbele ya haki, na waliobaki hunicheka hata nisipolisema, basi afadhali mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Ilikuwa miaka ile ya mwishomwisho ya Mwingereza, tulipoambiwa kwamba Mwafrika naye sasa atapiga kura, lakini si kila Mwafrika (hapo ndipo penye ujanja), kwanza ujaze fomu useme umesoma hadi wapi, mshahara wako kiasi gani, una mali gani, umetumikia serikali miaka mingapi, kisha wakupime kama papa sokoni, huyu apate kura moja, yule mbili, mwengine tatu, na wengi wasipate kitu. Mimi nilikuwa karani wa ghala bandarini, nyumba yangu Likoni, na fomu niliichukua, lakini nilipofika kwenye mshahara na mali mkono ukakataa kuandika. Nikamwambia mke wangu Mwanasha, "Hii si kura, hii ni kodi imevaa kanzu. Leo wanauliza una mbuzi wangapi, kesho waja kuwachukua." Nikaitupa fomu jikoni, siku za kuandikishwa zikapita, nami najiona mjanja kuliko Likoni nzima.

Basi Jumamosi moja niko kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, akaingia kijana wa chama cha mwalimu mmoja aliyekuwa akigombea kiti cha Baraza la Kutunga Sheria (vyama vya nchi nzima vilikatazwa, tulikuwa na vya wilaya tu, kila mgombea na chama chake kidogo, na kila mmoja akimshuku mwenziwe kuwa amewekwa na DC). Akaniuliza, "Karani, wewe umepewa ngapi?"

Ningesema sina, yangeishia pale pale. Lakini karani mzima, mbele ya wachukuzi wa bandari, niseme sina? Nikasema, "Tatu."

Wembe ukasimama kichwani. "Tatu!" akasema kinyozi, na siku hiyo hakunitoza kitu.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu, wallahi. Nilivutiwa viti, nikaletewa halwa na watu wa mwalimu, kisha na watu wa mpinzani wake, nami nikala kotekote. Wiki ya pili nikaona mambo yamegeuka. Nikitokea barazani, watu waliokuwa wakinong'ona wanaanza kuzungumza habari za mvua, na kulikuwa na jua kali. Msikitini mtu akikaa kando yangu husogea kidogo. Ndipo nikasikia maneno yenyewe: "Mzungu hampi mtu kura tatu bure. Huyu anampelekea DC majina yetu." Nami nikaanza kushuku kila mtu, hasa jirani yangu Mzee Juma, askari mstaafu wa vita vya Burma, mtu mkimya, kwa sababu kila nikipita hunitazama kisha hucheka peke yake. Nikasema, ni yeye huyu anayenichafua.

Mwalimu akapata kibali cha kuhutubia kiwanja cha mpira, karibu kabisa na nyumba yangu. Nikaenda, maana nisingekwenda wangesema nimejificha. Polisi wawili walisimama pembeni, na mtu mmoja wa serikali ameketi mbele akiandika kila neno.

"Twataka kila mtu kura moja!" mwalimu akapaza sauti. "Anayekubali kubeba tatu, amebeba na za jirani zake! Je, watu hao hapa hawamo?"

Vichwa vyote vikanigeukia. "Yupo huyu!" mtu akasema, na mchukuzi mmoja mwenye mkono kama kasia akanishika kola akanisimamisha. "Sema, karani! Umewauza kina nani?"

Nikisema zangu ni tatu, mimi kibaraka. Nikisema sina, mimi mwongo. Kinywa kikafunguka chenyewe: "Jamani... ni mbili." (Nilipunguza moja, nikidhani na hasira itapungua.)

"Mwaona? Ya tatu ameshaiuza!" Na kola ikazidi kukazwa.

Mara nikasikia sauti ya Mwanasha kutoka upande wa wanawake. Alipoona nashikwa alikuwa amekimbia nyumbani, na sasa anarudi anahema, leso imemwanguka mabegani, karatasi mkononi. "Mwachieni mume wangu! Hana tatu, hana mbili, hata moja hana! Fomu yake hii hapa, mwezi mzima nimefunikia chupa ya achari! Aliogopa kodi!"

Mwalimu akaipokea, akaisoma. Jina langu, jina la baba yangu, kisha doa kubwa la mafuta na manjano. Akawainulia watu waione. "Ndugu zangu, karani wetu hana kura. Ana achari."

Kiwanja kikapasuka kwa kicheko. Polisi walicheka, na yule mwandishi wa serikali akaacha kalamu akacheka, kisha akaishika akaandika na hilo.

Siku ya kupiga kura nilisimama nje ya kituo, nikitazama wenzangu wakiingia. Akatoka Mzee Juma, nishani zake za vita kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyepewa tatu."

Nikamkodolea macho. "Na siku ile ukanyamaza, navutwa kola?"

"Ningesema, wangevuta ya nani?"

"Haya, basi umempa nani?"

Akatabasamu, akazinyoosha nishani zake, akenda zake. Mwalimu alishinda, lakini mzee yule sikumwamini siku ile, wala leo simwamini.

Uchaguzi wa kuelekea uhuru ulipokuja, kila mtu mzima kura yake moja, nilifika kujiandikisha kabla karani hajafungua dirisha, na Mwanasha alikuwa nyuma yangu kuhakikisha. Nami niliapa hapo: serikali ikikupa haki, ishuku utakavyo, lakini ishuku ukiwa umeshaishika mkononi.