Safari za Gari Lililokaa Juu ya Mawe

Mzee Jumakadyr alikuwa na gari, la Kirusi, rangi ya maziwa yaliyoganda, ila halikuwa na injini. Injini ilikwenda kwenye matanga ya mkewe, Kalipa. Kwetu huku Naryn, milimani, mtu hazikwi vizuri bila farasi kuchinjwa, na mzee hakuwa na farasi, basi wakabadilishana na jamaa mmoja: injini ikatoka, akaingia farasi mwenye mbavu za kuonekana kwa mbali. Tukamla siku ile ile. Wengine tuliongeza bakuli la pili, kisha tukanong'onezana kwamba nyama ilikuwa ngumu.

Basi Kalipa alimwachia mumewe vitu viwili: gari juu ya mawe kando ya zizi, na msichana wa mwaka mmoja aitwaye Perizat.

Perizat alikuwa mjukuu wake. Lakini kwetu mtoto wa kwanza wa kijana wako ni wako wewe. Humwombi wala humwazimi. Unaletewa akiwa amefungwa kama mkate wa moto, unamlea, anakuita baba, na waliomzaa anawaita kaka na dada. Mama aliyemzaa, Salkyn, alimnyonyesha kama anayenyonyesha wa jirani, macho chini, kwa sababu mkaza mwana anayembusu mtoto wake mbele ya wakwe ni mkaza mwana asiyefunzwa. Perizat alipoacha ziwa, Salkyn na mumewe Kubat, mwana wa mzee, wakaenda Moscow, yeye kusugua ngazi za maghorofa, mume kubeba matofali. Kalipa akafa majira yaliyofuata.

Kijiji kikamhurumia mzee kwa njia yake ya siku zote: kilikaa kwenye benchi mbele ya duka, kikacheza karata na kumjadili. Mwenyekiti wa benchi ni Ryskeldi, aliyekuwa mhasibu wa shamba la ushirika. Tangu shamba lilipokufa, anakagua maisha ya watu.

"Mpeleke kwa shangazi yake," akamwambia. "Mwanamume na mtoto mdogo, wapi na wapi?"

"Tulipewa mimi na Kalipa. Kalipa hayupo. Mimi nipo."

"Na utamchezesha na nini? Kwa pensheni yako hata karoti inakupiga chenga."

"Nitamchezesha na ng'ombe."

Tulicheka mpaka karata zikaanguka. Lakini majira ya kuchipua, ng'ombe wanapopukutisha manyoya, mzee alimchana ng'ombe wake, akatemea mate kiganjani, akasokota yale manyoya mpaka yakawa mpira. Mpira wenyewe ulidunda! Ng'ombe akabaki na viraka kama koti la profesa, na Perizat akawa na mpira.

Ikawa hivyo. Vijifupa vya vifundo vya miguu ya kondoo, ambavyo kila nyumba hutupia mbwa, mzee alivichemsha na maganda ya vitunguu vikawa vyekundu, na Perizat akavichunga kama kundi juu ya zulia, akavitenganisha vilipopigana, akavifokea kwa maneno aliyomsikia Ryskeldi akiwafokea mbuzi wake. Theluji ikianguka, beseni la kufulia lilifungwa kamba. Mbwa alikataa kuvuta, akalala chini kama mgomaji. Mzee akavuta mwenyewe, kofia ikidondoka, na mtoto nyuma akimpigia kelele, "Kimbia wewe, au nikuuze!" Siku ya mkate alipewa tonge la unga. Tonge likawa ngamia, likawa nyoka, likawa kitu cheusi chenye nywele za paka, likaokwa, na mzee akalila lote akisema tamu.

Lakini mchezo wenyewe ulikuwa lile gari. Mzee alishika usukani, Perizat alikuwa kondakta. Tiketi zilikuwa majani ya kabichi. Kuku, waliotagia kiti cha nyuma, walisafiri bure. Injini alikuwa mzee kwa mdomo wake, na ilikuwa bora kuliko ile tuliyoila, maana hii iliwaka hata kwenye baridi.

"Tunakwenda wapi leo, bosi?" alikuwa akiuliza.

"Moscow!"

Kila siku Moscow. Walivuka daraja, wakapanda mlima wa Dolon, mzee akipiga kona mpaka kuku walalamike, wakanunua chumvi Kochkor, wakapita Bishkek, wakaingia nyika za Wakazaki kutazama ngamia, na hao wamefika. Mzee alipiga honi. Perizat alitoa kichwa dirishani: "Kaka! Dada! Tumewaletea jibini! Haya, kwaherini!" Wakageuza. Kwa hiyo kwa hesabu ya Perizat, Moscow ilikuwa mahali baada ya zizi na kabla ya maziwa ya jioni. Hakuna aliyemsahihisha. Sisi sote tuna watoto Moscow, na hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko yetu.

Kisha Kubat akapiga simu. Wamepata chumba chao wenyewe, chenye mlango. Perizat anakaribia umri wa shule. Wanaomba wapewe mtoto.

Benchi likawaka moto.

"Usimtoe!" Ryskeldi akasema. "Mila iko upande wako. Akitaka mtoto, azae mwingine!"

"Wamejaribu," mzee akasema.

Kila mmoja benchini akatazama viatu vyake mwenyewe. Halafu Ryskeldi akasema, "Hata hivyo."

"Hata hivyo," mzee akakubali. "Sitamtoa. Akija mkaza mwana wangu nitampa chai, nitampa nyama, nitamkatalia. Nikibaki mle ndani peke yangu nitaongea na nani, ng'ombe? Huyo tumeshamalizana."

Salkyn akaja peke yake, kitambaa kichwani, akainama mlangoni alipoingia kama bibi harusi wa jana. Perizat alijificha nyuma ya suruali ya mzee.

"Baba, huyu nani?"

"Dada yako wa Moscow."

"Mbona mikono yake imepasuka?"

Salkyn akaificha mikono, akatoa mwanasesere ndani ya boksi, nywele za dhahabu, ukimbonyeza tumbo anazungumza Kirusi. Kijiji kizima kilikuja kumbonyeza. Perizat akampeleka garini.

"Tiketi!"

Mwanasesere akasema kwa Kirusi kwamba anampenda mama.

"Hana tiketi na anabwabwaja. Shuka!" Akamtupa nje kwa kuku.

Salkyn hakudai kitu. Alifua, alikanda unga, alimwagia mzee maji ya kunawa, na siku zikapita bila yeyote kutaja jambo lililomleta. Mzee alikuwa amejiandaa kukataa, lakini utamkataliaje mtu asiyeomba?

Jioni moja mzee alikuwa zizini anakamua. Ukuta wa zizi ni mbao tu, na gari liko upande wa pili. Akasikia mlango wa gari ukilia.

"Abiria, unakwenda wapi?" Sauti ya Perizat.

"Moscow," Salkyn akajibu.

"Huko una nani?"

"Nina chumba. Na kaka yako."

"Na mtoto huna?"

Mzee aliacha kukamua.

"Ninaye," Salkyn akasema. "Nilimwacha nyumbani."

"Ulimsahau?"

"Hapana. Simsahau."

"Umemsahau wewe! Kichwa kama cha kuku! Sasa si analia huko? Rudi ukamchukue! Ngoja, dereva yuko zizini, nitamwita ageuze. Baba! Baba, geuza gari, huyu dada kasahau mtoto!"

Ng'ombe, aliyechoka kushikwa bila kukamuliwa, akapiga teke ndoo. Mzee akatoka zizini na maziwa kwenye viatu. Salkyn alikuwa ameshuka, amesimama wima, macho chini, mikono nyuma.

"Mchukue," mzee akasema.

Salkyn hakusogea. Miaka yote ile hakuwahi kumkumbatia mtoto wake mbele ya mkwe, na hata wakati huo, ameshaambiwa, hakuweza. Mzee akaelewa. Akawageuzia mgongo, akalitazama zizi.

"Namwangalia ng'ombe," akasema. "Sioni kitu chochote."

Akamwangalia ng'ombe muda mrefu. Nyuma yake alisikia goti likigusa ardhi, halafu sauti ya Perizat, imebanwa kifuani mwa mtu: "Dada, unanibana! Wewe, unaniloanisha!"

Gari la kukodi lilikuja asubuhi, lenye injini. Perizat alikataa kupanda. Dereva ni baba, akasema, huyu kijana mwenye miwani ni nani? Kijana akampisha mzee kwenye usukani. Mzee akaendesha kijiji kizima polepole, na juu ya injini ya watu akanguruma na ya kwake, ya mdomo. Sisi kwenye benchi tulisimama. Darajani akaegesha.

"Hapa dereva anabadilishwa, bosi."

"Kwa nini? Siku zote huwa hatubadilishi."

"Hili ni gari kubwa. Lina sheria zake."

"Tutarudi kabla ya maziwa?"

Mzee akamfunga vizuri kitambaa shingoni. "Angalia dirishani," akasema. "Ukiona ngamia, umwambie dada."

Akarudi kwa miguu. Ryskeldi alisogea kumpa nafasi benchini, na karata alikuwa amezishika tu, hagawi. Mzee alipita.

Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na uzio, na mzee ni kiziwi kidogo, simu huifungulia sauti yote, kwa hiyo simu yake huwa nasikia hata nisipotaka. Mara nyingi nataka. Siku moja mchana ikalia, nikamsikia Kubat akisema mtoto hali chakula, hachezi, anakaa mlangoni na viatu vyake. Halafu sauti ndogo, ya kukasirika.

"Baba! Nimeshawasalimia. Jibini nimewapa. Washa gari!"

Mzee alitoka na simu sikioni, akawafukuza kuku, akaketi kwenye usukani, akanguruma. Mwanzo injini ilikohoa, ikakataa. Akajaribu tena, ikashika.

"Kaa vizuri, bosi. Tunatoka Moscow. Umekata tiketi?"

"Ndiyo."

"Ngamia huyo, kulia kwako."

"Namwona."

Akaipita nyika, akaipita Bishkek, akasimama Kochkor kwa chumvi. Perizat alijibu kwa sauti inayozidi kuwa nzito, kisha akawa anajibu kwa pumzi tu. Wakaanza kupanda Dolon.

"Bosi?" mzee akaita. "Bosi, tunakaribia. Daraja lile kule chini."

Injini ikashuka, ikashuka.

"Amelala, baba," Salkyn akasema chini chini.

"Vizuri." Mzee akafuta mdomo kwa mkono wa koti. "Vizuri. Basi nizime."

"Baba, usizime," Salkyn akasema. "Mimi bado sijafika."

Mzee akatazama mbele, kwenye ukuta wa zizi. Akakanyaga klachi isiyoshika kitu, akaingiza gia.

"Shikilia, mwanangu," akasema. "Dolon ina kona."