Maneno ya Mama Katika Tovuti za Watu

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nina meza moja kwenye ghorofa ya pili mjini Nakuru, juu ya duka la viatu, na wateja wangu ni watu wa kawaida: shule za chekechea, wauzaji wa mbegu, mchimba visima mmoja, na kanisa lenye kwaya kubwa kuliko waumini.

Mteja wa Nakuru hukuletea kila kitu kabla ya maneno. Ataleta picha, ataleta rangi anazotaka, ataleta hata shemeji yake aje atoe maoni, lakini maneno ya kuandikwa kwenye tovuti yatakuja mwisho, tena kwa kusukumwa. Kwa hiyo fundi anahitaji maneno ya kujazia nafasi, ili mteja aone ukurasa utakavyokaa. Duniani kote mafundi hutumia Kilatini kilichovunjikavunjika, aya ndefu zisizo na maana. Mimi pia nilitumia hicho hicho, mpaka siku niliyompelekea kazi mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya trekta.

Babu yake alitoka India kuja kujenga reli, na yeye mwenyewe amezaliwa Nakuru na hajawahi kufikiria kuhama. Alivaa miwani, akavuta kompyuta yangu karibu, akasoma Kilatini chote kwa sauti, neno kwa neno, wateja wakisubiri kwenye kaunta.

"Hii ni Kiitaliano?" akaniuliza.

"Hapana mzee, ni maneno ya kujazia tu. Yatatolewa."

"Kwa sababu sisi hatuuzi pizza."

Nilimweleza tena, polepole. Akasoma tena. Safari hii alishusha sauti.

"Kama ni maombi, niambie nani amekufa."

Nilirudi mezani nimekasirika, nikafuta Kilatini chote, na mahali pake nikaandika maneno ya kwanza yaliyonijia kichwani. Yaliyonijia yalikuwa ya mama yangu.

Mama alikuwa matroni katika shule ya bweni ya wasichana kwa miaka mingi. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya ua wa shule, kwa hiyo mimi nililelewa kama msichana mmoja zaidi kwenye foleni ya uji. Kwa kila jambo ambalo binadamu anaweza kufanya vibaya, alikuwa na sentensi yake tayari, na aliitoa kwa sauti iliyovuka bweni zima bila kupunguza mwendo. Nilijaza ukurasa wa mzee wa vipuri kwa sentensi hizo. Kwenye kichwa: "Keti vizuri kama mtu aliyelelewa." Chini ya picha kubwa: "Funga mdomo, inzi ataingia." Pembeni: "Amka! Jua limefika utosini na wewe bado umelala." Na chini kabisa: "Aliyeacha mlango wazi arudi aufunge, hatukuzaliwa hemani."

Mzee aliposoma, alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyu ni mama yako?"

"Umejuaje?"

"Wangu alisema hayo hayo kwa Kigujarati."

Akaikubali kazi siku hiyo hiyo, na wiki iliyofuata akaleta maneno yake mwenyewe.

Ukurasa ule ulikuwa umetoka vizuri, na mimi nilikuwa nimetumia programu huria za watu wengine miaka yote bila kurudisha hata shukrani. Programu huria ni kazi ambayo mtu ameiweka mtandaoni ili yeyote aichukue, aitumie na kuirekebisha bila kuomba ruhusa. Nikaona na mimi nitoe changu. Nikaliondoa jina la duka na picha za trekta, nikauweka ukurasa huo mtandaoni kama kiolezo, mfano wa nguo iliyoshonwa tayari, ya mtu kuongeza jina na picha zake tu. Maneno ya mama niliyaacha. Nilijua kila atakayekichukua atayatoa na kuweka yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Kilatini kile kila fundi anakitambua, anajua ni cha kutolewa. Lakini fundi wa mbali akikutana na Kiswahili, hajui kama ni cha kujazia au ni sehemu ya urembo. Wengi walidhani ni urembo.

Sikujua lolote kwa karibu miaka miwili. Kisha Jumapili moja nilikuwa Rongai kwa mama, ambako alinunua kipande cha shamba alipostaafu na sasa anafuga kuku anaowasimamia kama wasichana wa kidato cha kwanza. Tulikuwa tumemaliza kula. Nikafungua simu, nikakuta barua pepe kutoka kwa daktari wa meno katika nchi moja ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya. Aliandika kwa adabu sana. Alisema tovuti ya kliniki yake ilijengwa na mpwa wake kwa kiolezo changu, na kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja, chini ya picha ya mwanamke anayetabasamu, kumekuwa na maneno ambayo yeye alifikiri ni methali ya Kiafrika kuhusu afya ya kinywa. Juzi mgonjwa mmoja kutoka Kenya, akiwa amelala kwenye kiti, alimtafsiria. Sasa alitaka kujua kutoka kwangu kama ni kweli tovuti yake inawaambia wagonjwa wafunge mdomo.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Unacheka nini?" mama akauliza.

"Hakuna kitu, ni mambo ya kazi."

"Kazi gani inachekesha hivyo? Lete."

Mwanamke aliyewahi kutafuta simu zilizofichwa ndani ya mikate hadanganyiki kirahisi. Nilimweleza yote. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyojiona nimerudi kwenye foleni ya uji.

"Kwa hiyo umechukua maneno yangu ukayaweka huko kwa wazungu bila kuniuliza."

"Mama, sikudhani yatafika."

"Maneno yangu hayajawahi kukosa kufika. Nionyeshe."

Nilifungua kompyuta, nikatafuta sentensi zake moja baada ya nyingine. Kurasa zilianza kujitokeza, na nyingine sikuwa na habari nazo kabisa. Mama alileta miwani na kiti. Kwa daktari wa meno alitulia, akaitazama picha ile ya tabasamu kwa muda.

"Lakini si ni kweli?" akasema. "Mdomo wazi hivyo mchana kutwa."

Tukapata shule ya yoga, wanawake wamekunja miguu kando ya mto, na juu yao: "Keti vizuri kama mtu aliyelelewa." Hiyo aliipenda waziwazi. Alisema wale wamekaa vizuri, migongo imenyooka, na kama wasichana wake wangekaa hivyo wakati wa masomo ya jioni asingepata shida ya presha. Tukapata kampuni inayokodisha hema za harusi, na chini yake ile ya mlango na hema. Mama alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika. Nikaona nimesamehewa.

Kisha ukafunguka ukurasa wenye picha ya ziwa na maua meupe. Nilisoma Kiingereza chake. Ilikuwa nyumba ya mazishi, wale wanaowatengeneza marehemu na kuwapangia ibada. Pembeni, kwa herufi nzuri za kijivu, palikuwa pameandikwa: "Amka! Jua limefika utosini na wewe bado umelala."

"Hawa wanauza nini?" mama akauliza.

Nikamwambia.

Aliacha kucheka. Alivua miwani akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akasoma tena kana kwamba huenda maneno yangekuwa yamebadilika.

"Mimi," alisema, "nimewapigia kelele wafu."

"Hawajui maana yake, mama."

"Mungu anajua Kiswahili. Chukua kalamu."

Nilimwambia barua hizi huandikwa kwa kompyuta. Akasema basi chukua hiyo kompyuta, na akaanza kunisomea akiwa amesimama, mikono nyuma, kama anayetangaza zamu za usafi.

"Anza na salamu. Waulize wameamkaje."

"Mama, ni watu wa mazishi."

"Kwani wao hawaamki?"

Nikaandika wameamkaje. Aliendelea: kwamba yeye ni mama wa aliyekosea, kwamba maneno hayo yalikuwa ya wasichana waliokataa kutoka kitandani na hayakukusudiwa mtu yeyote aliyepumzika, kwamba anawaombea wafiwa wote waliopita hapo, na kwamba mtoto wake atayatoa mara moja. Nilitafsiri kwa Kiingereza. Alitaka nimsomee.

"Mbona yako ni fupi? Umeacha nini?"

Nilikuwa nimeacha Zaburi aliyoisoma mwishoni. Nikairudisha.

Jibu lilikuja Alhamisi. Nilipompigia mama simu alikataa nimsomee hewani. Alisema habari za msiba hazisikilizwi mtu akilisha kuku. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Rongai, tukakaa mezani, nikasoma nikitafsiri.

Mwenye nyumba ile ya mazishi alitushukuru kwa barua. Alisema hakuna aliyewahi kulalamika, ila kuna jambo lilimtatiza kwa miezi kadhaa na sasa amelielewa. Mjane mmoja alikuwa amekuja kupanga mazishi ya mumewe. Aliyaona maneno yale, akayaingiza kwenye mashine ya kutafsiri, kisha akaanza kucheka pale ofisini mpaka wakamletea maji. Mumewe, alisema, katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kutoka kitandani kabla ya saa tano asubuhi. Akaomba maneno yale yachapishwe kwenye karatasi ya ibada, chini ya picha ya marehemu, kwa Kiswahili vilevile. Yakachapishwa. Mjane hakueleza maana yake, na mwenye nyumba alifikiri ni sala. Sasa alikuwa anauliza kama wanaweza kubaki na sentensi hiyo kwenye tovuti.

Mama alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakinyoosha kwa kiganja.

"Huyo mwanamke," akasema mwishowe, "alimpenda sana."

"Nimwambie wabaki nayo?"

"Hapana, waitoe. Aliyeiomba ameshaipata. Si kila marehemu alikuwa mvivu."

Nikawaandikia, nao wakaitoa. Lakini mama hakuwa amemaliza. Alitaka kiolezo chenyewe kibadilishwe, ili watakaochukua baadaye wasiangukie shida ile. Nilipendekeza nirudishe Kilatini. Alikataa kabisa, alisema tumekuwa tukizungumza na dunia, hatuwezi kuanza kuibwabwajia. Alitaka maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuambiwa mahali popote, kwa daktari, harusini au matangani, na yasimuumize.

Wiki mbili nzima alinitumia sauti kwenye simu asubuhi, kuku wakisikika nyuma yake. "Usiogope" aliituma Jumatatu na kuiondoa Jumanne, kwa kuwa ukimwambia mtu asiogope anaanza kutazama kuna nini. "Mungu yupo" ilimpendeza, ila alihofia kwamba kwa daktari wa meno ingewatisha watu. "Pole" ilikaa siku tatu, mpaka akakumbuka harusi. Hatimaye akanitumia sauti fupi kuliko zote: "Andika hivi. Karibu. Keti. Chakula kiko njiani."

Nikayaweka kwenye toleo jipya. Katika kumbukumbu za kazi, pale panapoandikwa nani amerekebisha nini, niliandika kwamba mabadiliko haya yametoka kwa matroni mstaafu wa Rongai. Nilimwonyesha. Aliuliza kama wale wengine walioorodheshwa pale wanajuana. Nikamwambia hapana, wametapakaa nchi nyingi na wengi hawajawahi kuonana. Akasema basi hiyo ni kamati nzuri, haiwezi kugombana kuhusu viti.

Nilimjulisha pia daktari wa meno kwamba kuna toleo jipya lenye maneno ya upole. Alijibu kwamba wagonjwa wake sasa wanaijua habari ya inzi na wanapiga picha mbele ya kompyuta ya mapokezi, kwa hiyo atabaki na la zamani.

Mwezi uliopita, mtu mmoja kutoka upande wa Brazili aliacha ujumbe kwenye ukurasa wa malalamiko wa kiolezo. Alikuwa ametafsiri maneno ya mama, na kwa upole aliripoti hitilafu: tovuti inaahidi chakula, lakini amebofya kila mahali na hajaona kinakopatikana. Nilidhani ni mzaha, nikampigia mama nimchekeshe.

Hakucheka. Aliuliza huyo mtu yuko wapi, na kutoka huko mpaka Rongai ni siku ngapi.

"Mama, ni mbali sana. Hawezi kuja."

"Hujamuuliza," alisema. "Mwambie akifika stendi aulize kwa matroni. Na aseme mapema kama anakula kuku."