Herufi Kutoka Kibumba

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Ufundi aliniketisha mbele ya seva akasema, "Makelele ya mashini hii haina shida. Ogopa kimya." Kazi yetu hapa Goma ilikuwa kupitisha ujumbe wa vituo vya afya vilivyoomba dawa, damu au gari.

Programu ya seva ilitumia nyuzi chache. Kila kituo kilichoingia kilipewa uzi wake, kama mteja anayepewa mhudumu wake peke yake. Mteja akinyamaza, mhudumu hubaki amesimama pale, na wanaofika nyuma hukosa wa kuwasikiliza. Kwa hiyo tuliweka muda wa kimya: ukiisha, seva inakata na uzi unakwenda kwa wengine. Kabla ya kukata ilituma onyo lililopiga kengele kwenye mashine ya kituo. Majibu ya mashine yenyewe hatukuyahesabu, maana mashine hujibu hata mtu akiwa hayupo. Tulihesabu herufi iliyobonyezwa kwa kidole.

Nilitumwa Bunagana kufunga antena, kisha nikarudi Goma na kurithi kiti cha Shefu. Vita vikafika Kibumba. Watu walikimbia, lakini kituo cha kule kilibaki kimeunganishwa kwa umeme wa jua. Kila onyo lilipokwenda, herufi moja ilirudi. Niliandika, "Odette, ni wewe?" Odette ndiye aliyekuwa muuguzi wa kule. Ikaja herufi, basi.

Direkta alisimama nyuma yangu. "Kituo cha Ndosho banaomba damu, banakosa nafasi. Kata Kibumba."

"Kuna mutu kule, Direkta."

Alitazama skrini, herufi nyingine ikaingia. Hakusema tena kukata. Nikavipunguzia muda wa kimya vituo vingine vyote, na Ndosho wakapata nafasi.

Odette alifika ofisini kwa miguu, viatu vimechanika. Nilipomwonyesha skrini aliketi chini sakafuni.

"Ni Papa Bahati, mugonjwa wetu," alisema. "Muguu yake ilivunjika, akakatala tumubebe. Hajue kusoma. Nilimwambia, kengele ikilia, finya na kidole fasi yoyote ya mashini, Goma batajua uko muzima."

Tulitafuta watu wa kumfuata, lakini njia ilikuwa imefungwa. Odette alikuja kila asubuhi, akaketi karibu nami, tukasubiri herufi pamoja. Zilikuja bila kukosa. Hatimaye njia ikafunguka, akapanda gari la machela.

Alinipigia simu mchana. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tumemukuta kitandani, chumba cha nyuma. Amekufa kitambo. Mwili umekauka. Mulango wa chumba cha mashini umefungwa, mavumbi iko juu ya meza yote."

"Odette, asubuhi hii herufi imekuja."

Alianza kurudi chumba cha mashine, hatua zake zikisikika. Kisha nikasikia kengele kwa mbali ndani ya simu yake, na herufi ikaingia kwenye skrini yangu.

"Nani amefinya?" niliuliza.

"Hakuna mutu hapa karibu na mashini."

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kimya kiwe kirefu kiasi gani kabla ya kukata. Huwaambia wapime kazi ya mtu wa upande wa pili, si uvumilivu wao. Ya Kibumba siwaambii. Siku ile nilibadilisha maneno ya onyo, nikaandika, "Papa Bahati, tumefika. Pumzika." Odette akayasoma kwa sauti ndani ya chumba kile. Kengele ikalia. Tukangoja sote wawili, simu sikioni; herufi haikuja, mpaka seva ikakata yenyewe.