Tshiela apima presha za waliofukuzwa, naye akingoja treni

Saa mbili asubuhi, stesheni ya Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Zaire. Tshiela amepiga magoti kati ya magunia na magodoro, akimfunga mzee Ngeleka kipimo cha presha mkononi. Nje ya ua vijana wanaimba tena kwamba Wakasai, watu wenye asili ya jimbo jirani la Kasai, warudi kwao. Tshiela hageuki.

"Mia mbili na kumi," anasema polepole.

Ni mwaka 1993. Muuguzi huyu wa miaka 46 alizaliwa Kapata, mtaa wa hapa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ya mgodi. Kasai hajawahi kuiona. Lakini baba yake alitoka huko, na mwezi uliopita mlango wake ulichorwa alama kwa mkaa, kuonyesha kwamba naye ni wa kufukuzwa. Hii ni wiki ya tatu anasubiri treni pamoja na mamia ya wengine. Hulala na viatu miguuni.

Zahanati ya kampuni alikofanya kazi ilifungwa mgodi ulipoporomoka. Aliondoka na kipimo, pamoja na vidonge vyake, kwani naye ana presha.

Daktari Tharcisse, anayefika hapa kila siku, anaeleza kwamba mwili ukiogopa humwaga homoni kwenye damu. Kuta za mishipa zina vipokezi vinavyoidaka, na mshipa hubana.

"Siku moja haina neno," anasema. "Lakini hapa batu banaogopa tangu mwezi. Mishipa inakuwa nguvu, moyo inachoka."

Vidonge huvizuia vipokezi hivyo. Lakini maduka ya dawa mjini yameporwa, na havipatikani.

Jumatatu walizikwa wawili kati ya wanaosubiri treni. Leo Ngeleka, aliyekuwa dereva wa mtambo mgodini, analalamika maumivu ya kifua. Tshiela anafungua fundo la kitenge. Vidonge ni ishirini na viwili. Anamtengea mzee kumi na kimoja.

"Hapana, mama," daktari anamzuia. "Na weye je?"

"Mi niko naogopa kufa, docteur. Lakini kumuangalia huyu tata, huyu muzee, anakufa, na mi niko na dawa mu kitenge, naogopa zaidi."

Tharcisse anaenda kutafuta maji, na mzee anameza kidonge. Saa sita mchana, kipimo cha Ngeleka kinasoma mia na themanini. Cha Tshiela kimepanda.

Treni inatarajiwa kesho. Tshiela amepanga kupita kila asubuhi akipima watu behewani, na kufika Mwene-Ditu, huko Kasai, kabla vidonge vyake havijaisha.

"Kule sijui mutu," anasema. "Nitauliza hospitali kwanza, juu ya dawa. Ndugu za baba, nitabatafuta nyuma ya ile."