Bawa Juu ya Leso

Mume wangu alipenda kupiga picha nzi. Si hawa wa chooni. Ni wale wenye manyoya wanaofanana na nyuki, wanaotua mchangani wakiwa wamekunjua mabawa. Mwanamke mmoja wa Wote, upande wa Makueni, alikuwa na mapenzi hayohayo. Walitumiana picha kwa simu miaka mingi, wakibishana: doa liko katikati ya bawa au kwenye shina lake, basi huyu ni wa aina gani. Mimi na mume wangu tuliongea habari za maji na mbuzi. Nilimsikia akicheka na simu uani, nami jikoni nikipepeta ndengu kwa nguvu isiyohitajika.

Baada ya mazishi ya mume wangu, mwanamke huyo alikuja kwetu Kabati na sukari na unga, akanipa pole. Aliniita wifi. Nilijiuliza ni nani aliyemfanya dada ya mume wangu. Akalia kidogo, na hata machozi yake nikayaonea wivu, maana yangu yalikuwa bado hayajatoka.

Kisha akanionyesha picha ya mwisho waliyobishania. Yeye alishikilia kwamba bawa lina madoa ya kahawia, tena ni aina ambayo hawajawahi kuipata huku. Mume wangu alikataa: bawa halina alama yoyote. Aliahidi kumtafutia picha nyingine, akafariki kabla hajaipata.

Niliitazama. Karibu na mguu wa nzi niliona punje moja ya ndengu. Yale madoa yalikuwa ya leso yangu, ile ninayoanikia ndengu. Bawa lilikuwa angavu kama kioo, na maua ya kahawia ya leso yalionekana kupitia humo.

Nilitaka kunyamaza. Hapo ningebaki na kitu kimoja cha mume wangu asichokijua mwanamke huyu. Lakini angerudi kwao akiamini kwamba marehemu ndiye aliyekosea, na hilo sikuliweza.

"Hiyo ni leso yangu," nikasema.

Aliisogeza simu karibu na macho.

"Basi alikuwa sawa, wifi. Nilimuuliza nzi ametua wapi, akanijibu tu, nyumbani."

Aliomba aipige leso picha, aiweke kando ya ile ya nzi. Nikaileta. Akanyoosha mkono kuipokea. Niliikunjua mwenyewe, nikaishika ncha mbili mpaka akamaliza.