Mihogo ya Mama Godé

Ku masomo banasema miye niko mutoto wa kimya. Sawa. Lakini hii siwezi kuinyamazia, na haikuwa ndoto. Ilinifikia saa sita ya muchana, jua likiwaka, hapa Ruashi.

Ile asubui, bapimaji wa maji balikuja kuomba mwanafunzi mwenye mwandiko muzuri. Prof wetu akanionyesha miye. Tukashuka ku muto, pale tuyau, bomba ya mugodi, inatapika maji ya rangi ya majani. Unawaza baliinama wapi na chupa zabo? Juu ya tuyau, kule muto unatokea! Mu maji safi! Kisha shefu wabo akanipa bic, kalamu yake: "Andika pa chupa, binti: chini ya tuyau."

Nilijua ni bongo, uongo mutupu. Nikaandika. Ni haya tu ya kukatalia mukubwa, haya ya bure!

Bo bakapanda gari. Miye nikarudia kwa miguu, nikifuata muto. Chini ya tuyau nikakuta Mama Godé amesimama mu maji mpaka magoti, analoweka mihogo. Mama Godé jirani yetu, ule tulimuzika mu mvua iliyopita, tumbo ikiwa imemumaliza. Niamini. Akaniita na mukono, nikasogea.

"Mwanangu, bonyeza moja."

Kwetu, ukipita pa mihogo ya mwenzako, unabonyeza uone kama imelainika. Siku tatu zinatosha. Nikaweka kidole gumba. Jiwe kabisa!

"Tangu munizike iko vile vile," akasema, akicheka. "Lakini haina neno, eh? Si mwandiko yako itasema maji iko muzuri? Kunywa basi! Ama unamuwekea mudogo wako?"

"Mama, ni bo balisema..."

"Bo balisema. Mukono ni ya nani?"

Nikafunga macho. Kufungua: maji tu, inapita.

Leo karatasi ya bale bapimaji imebandikwa mu quartier, mutaa yetu: maji muzuri. Batoto banaogelea pale, na Patou mudogo wangu pia. Nilisimama mu masomo, nikasema yote. Prof: "Kaa chini!" Sikukaa. Sasa kila siku nikitoka masomo ninasimama pale ku muto, ninafukuza batoto. Bananiita mulozi, muchawi, sababu ya hiki kidole gumba: kiligeuka kijani ile siku, sabuni haikitoi rangi.

Basi weye, bakikuja kupima maji yenu, usitazame mashini zabo. Tazama penye banainama. Na bakikupa bic, kumbuka kidole changu kwanza.