Vita vya Kukaa Kitako

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba tulipohamia hapa Miritini nilishushwa kwenye lori pamoja na kabati, na kwamba tangu siku hiyo kabati ndilo limetoka nje zaidi. Ni kweli, lilipelekwa kwa seremala. Mimi sina pa kupelekwa. Nashona nguo, cherehani yangu iko barazani, na kazini nafika kwa kugeuza shingo tu.

Shule niliishia kidato cha nne. Katika yote niliyosomeshwa, lililonikaa kichwani ni historia, tena historia ya vita, labda kwa sababu vita vikiwa kitabuni mtu huvisoma akiwa ameketi. Na katika kusoma huko niligundua jambo ambalo mwalimu hakulisema: historia ya silaha ni historia ya wavivu kupandishwa cheo. Hapo mwanzo, ukitaka kumuua mtu ilibidi umshike kwa mikono, naye akushike. Ukaja mkuki, ukaweza kumuua bila kusikia pumzi yake. Ukaja uta, ukamuua ukiwa nyuma ya mti. Ikaja bunduki, ukamuua ukiwa umelala kifudifudi. Mwisho ikaja bombomu, ile bunduki ya kumwaga risasi mfululizo, na nyingine ziliwekewa kiti kabisa cha mpigaji. Kiti! Niliposoma hapo niliona nimezaliwa nimechelewa. Ningekuwa jemadari.

Maneno haya niliyasema kwa mzaha Jumapili ya Pasaka, jamaa zetu wametoka kanisani na wamejaa uani kwangu wakingojea wali uive. Walicheka wote isipokuwa bamkubwa wangu, kaka yake marehemu baba. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na mapajani ameweka kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka.

Alikifungua. Kilikuwa uta.

Wote tulikuwa tumeusikia, wachache tulikuwa tumeuona. Ulikuwa wa babu yake. Mzungu alipokuja kutaka kodi na vijana wa kubeba mizigo, babu huyo aliuchukua uta huu akaenda na wenzake kukataa. Uta ulirudi, umeletwa na mtu aliyekimbia. Yeye hakurudi. Bamkubwa aliurithi kwa baba yake, akauweka miaka yote aliyobeba magunia bandarini, na ya kustaafu juu yake. Sasa macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mwanawe alikuwa anamchukua akakae naye Changamwe, upande wa Airport, katika vyumba viwili vya kupanga. Mwanawe ni mzee wa kanisa. Alisema baba karibu, uta hapana.

"Nimekuja kuuacha," bamkubwa akasema, na macho yake akayaelekeza kwangu. "Wewe hutoki. Mwizi akija atakukuta. Moto ukija utakukuta."

"Mafuriko yakija pia," mke wangu akasema.

"Lakini siuachi kwa mtu anayeamini kwamba mwenye uta huu alikuwa mjinga. Hilo tu ndilo sharti langu. Nani hapa anaamini alikuwa mjinga?"

Tukatikisa vichwa kwa heshima, na ingekuwa ni sisi watoto wake tu mambo yangeishia pale. Lakini mjukuu wake alikuwepo.

Msichana huyu alikuwa karani wa lango kwenye yadi moja ya makontena, kazi ya kubishana na madereva wa malori kutwa nzima, na ulimi wake ulikuwa umenolewa huko. Kwetu sisi babu na mjukuu ni watani. Tangu azaliwe, bamkubwa alikuwa akimwita "mke wangu", naye akimwita "mume wangu". Anaweza kumwambia babu yake neno ambalo mimi nikilisema nitapigwa faini ya mbuzi. Na babu hana ruhusa ya kukasirika. Anayekasirishwa na utani ameshindwa mbele ya watu, na atakumbushwa hadi siku ya matanga yake, watani watakapovaa nguo zake na kuigiza alivyonuna.

"Mume wangu," msichana akasema, "mtu ana fimbo yenye kamba, mwenzake ana bunduki, naye anamkimbilia. Huyo tumwiteje? Daktari?"

Watu wakaangua kicheko. Bamkubwa naye akacheka. Ilimbidi.

"Huijui bunduki ya zamani wewe," akajibu. "Muulize huyu aliyesoma. Gobori lilijazwaje?"

Kosa langu kubwa maishani ni kwamba nikiulizwa swali la historia hujibu. Nikaanza kueleza, akanikatiza. "Usiniambie. Nionyeshe." Nikapewa fimbo ya pazia iwe gobori, na mwiko wa kusongea ugali uwe mdeki, ule ufito wa kushindilia. Yeye akachukua mishale iliyokuwa shukani pamoja na uta, ambayo vyuma vyake vilikuwa vimetolewa zamani, na kwenye ncha nikaifunga vifuko vya nguo kutoka kapu langu la vipande. Hivyo nikatengeneza mwenyewe kwa uzi wangu silaha ya kupigwa nayo.

"Anza!" msichana akapiga kelele.

Nikamimina baruti mtutuni. Nikashindilia. Mshale ukanipata begani. Nikatia kitambaa, nikatia risasi, nikashindilia tena. Mshale ukanipata tumboni, na kwa tumbo langu hapakuhitajika mlengaji mwenye macho. Nikanyunyiza baruti kidogo pembeni pa mtutu, ukanipata mwingine pale pale. Nikavuta mtambo, nikainua gobori, na kabla sijasema "pa" mshale ukanigonga kwenye paji la uso, nikakaa chini.

"Na hiyo ni siku ya jua!" bamkubwa akasema, amesimama wima kama mtu aliyeshushiwa gunia. "Mvua ikinyesha, baruti inakuwa uji. Na risasi ya gobori huenda inakotaka yenyewe. Na mishale yetu ilikuwa na sumu, ikikukwaruza tu, jua halizami nawe. Watu wa misafara ya pembe za ndovu walikuwa na magobori kibao, na walipita kwetu kwa adabu, wanasalimia. Babu yangu alikua akiyaona hayo. Alikuwa mjinga?"

"Hakuwa!" tukajibu, na mimi nikajibu kwa nguvu zaidi, maana ndiye niliyekuwa na nundu.

Bamkubwa akaunyoosha uta kwangu. Nakumbuka niliweka mkono juu yake. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na umelainika katikati kwa kushikwa.

"Ngoja," msichana akasema. "Aliyemuua alikuwa na gobori?"

Mkono wangu ukabaki hapo juu ya uta.

"Bamdogo, wewe umesoma. Askari wa Mzungu walikuwa na gobori?"

Nikasema, polepole, kwamba kufikia wakati huo hapana. Walikuwa na bunduki ya kujazwa kwa nyuma, risasi moja na baruti yake ndani ya kigamba cha shaba. Hakuna kumimina, hakuna kushindilia, mvua haidhuru. Tena unaijaza ukiwa umelala. Hilo la kulala nililisema kwa shauku kidogo, nakiri, lilikuwa karibu na moyo wangu.

Basi msichana akatandika mkeka nyuma ya gunia la makaa, akalala kifudifudi na gauni lake la Pasaka, akaielekeza ile fimbo ya pazia. Akamtuma babu yake hadi kwenye lango la uani, kando ya barabara ambapo malori yalikuwa yamepanga foleni. Madereva wawili wakashuka kutazama.

"Njoo, mume wangu."

Bamkubwa akaja mbio za mtu wa umri wake.

"Fungua, tia, funga, pa! Umekufa. Fungua, tia, funga, pa! Umekufa tena. Mume wangu, hujafika hata kwenye ndoo! Pa! Huyo ni ndugu yako. Pa! Huyo ni shemeji yako."

"Mimi nakwenda wima hivi kwani ni mlevi?" bamkubwa akasema, anahema. "Tungekuvizia msituni. Msituni ungeniona wapi?"

"Nisingekutafuta. Ningechoma nyumba yako na kuchukua mbuzi wako. Ungetoka mwenyewe."

Hapo bamkubwa aliushusha uta. Msichana alikuwa amebahatisha tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Zilichomwa, na mbuzi walichukuliwa, na wazee walitoka msituni wenyewe mikono mitupu. Wakubwa wote pale uani walilijua hilo, na tulicheka hivyo hivyo, kwa sababu lilikuwa limesemwa vizuri.

Angeweza kukaa. Angesema nimechoka, njaa inauma. Lakini angekuwa amekimbia utani mbele ya ukoo na madereva wawili.

"Bado ile ya kiti," msichana akasema. "Bamdogo, si ulisema kuna ya kiti? Kaa kwenye mashine yako."

Nikakaa. Sijui kama nimewahi kutiiwa amri haraka na mwili wangu kama siku hiyo. Cherehani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, na chini ya sindano palikuwa na mkono wa joho la kwaya. Bamkubwa alirudi langoni. Akaanza kuja, safari hii akitembea, uta mbele, mshale upoteni, kwenye ile kamba yake. Nikazungusha. Ta-ta-ta-ta-ta. Ulikuwa mlio wenyewe hasa. Watoto wakaanza kuanguka ovyo uani, kila mmoja akijifanya ndugu wa bamkubwa, wakalala na nguo zao nyeupe kwenye mchanga.

"Umekufa, babu!"

Akaendelea kuja.

"Mume wangu, umekufa! Lala!"

"Amekufa zamani huyo!" dereva mmoja akapaza sauti kutoka langoni.

Naam, na hapo nikaiona vizuri ile historia yangu. Mbele ya gobori, mtu shujaa na mwepesi alikuwa na kazi ya kufanya, palikuwa na nafasi kati ya mlio mmoja na mwingine, na ndani ya nafasi hiyo ndimo alimoweka ushujaa wake. Kila bunduki iliyofuata iliipunguza nafasi hiyo. Bombomu iliifuta. Mbele yangu, mshonaji mnene asiyeweza kukimbia hadi dukani, haikuwa na maana tena bamkubwa ni hodari au mwoga. Kitu nilichohitaji mimi kilikuwa bega moja lenye afya.

Alifika hatua chache kutoka barazani. Hakuwa anacheka tena. Akauvuta uta, safari hii kweli, mpaka sikioni, kwa nguvu zote za mtu aliyebeba magunia maisha yake yote.

Ukavunjika. Ulilia kama kuni kavu, na kipande cha juu kikaruka kikamkata juu ya nyusi. Damu ilikuwa kidogo. Watoto waliokuwa wamekufa waliinua vichwa.

Ni msichana aliyesema, na alikuwa bado ndani ya haki yake: "Sasa fimbo ziko mbili, mume wangu. Kila mtu na yake."

Walicheka mpaka dereva mmoja akashika lango. Bamkubwa akafuta damu kwa kiganja, akanitazama mimi.

"Wewe uliyesoma. Sema basi. Alikuwa mjinga?"

Jibu nilikuwa nalo, na jibu lilikuwa hapana. Babu yake alikuwa ameyaona magobori tangu utotoni, na hesabu yake ilikuwa sawa: akipiga, kabla hajashindilia mimi nimefika. Baba yake na babu yake waliishi kwa hesabu hiyo. Kwamba bunduki imebadilishwa, nani angemletea habari? Aliyeiona kwa karibu alikuwa amelala palepale alipoionea. Haya yote yalikuwa mdomoni. Lakini uani palikuwa na watu, na wote walikuwa wananitazama.

"Hapana, bamkubwa," nikasema. "Alikuwa hodari kabisa. Kwa vita vya babu yake."

Kicheko hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya siku ile.

Bamkubwa akatikisa kichwa, akainama akaokota vipande viwili na upote wake, akavifunga kwenye shuka. Nikamwambia vitaunganishwa, namjua seremala, yule wa kabati. Akasema asante, mwanangu. Akala wali, akaomba kuongezewa kuku, akamtania mke wangu juu ya chumvi. Alipoondoka aliondoka na shuka lake. Mimi nilibaki na joho la kwaya ambalo mkono wake mmoja nilikuwa nimeushona ukafungana.

Wiki iliyofuata msichana alipita kwangu kuchukua gauni lake, alilolirarua kwenye gunia la makaa. Nikamuuliza habari za babu yake kule Changamwe.

"Mzima. Jana alinipikia chai mwenyewe. Jiko aliliweka nje mlangoni, kuni zake mwenyewe, kazitoa kwenye shuka, hataki kusaidiwa. Akanimiminia. Akasema, kunywa mke wangu, chai hii imepikwa na mjinga."

Akacheka, akanitazama kama nitacheka. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano.

"Ukainywa?"

"Utani huo, bamdogo, ningeikataaje?" Akalikunja gauni, akalikunja tena. "Niliinywa yote. Ilikuwa na moshi sana."